Kwa Baba Neema, Aliyemlilia Mama Yangu Jukwaani

Baba Neema,

Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu wewe ulinisema wazi. Uliwaambia watu wa kanisa letu la Rooty Hill, huku ughaibuni, kwamba mkeo ana roho ngumu, kwamba alikuaibisha mbele ya wazungu kwenye ukumbi uliojaa. Kisha ukafunga mizigo ukahamia Brisbane, ukaniacha nikitazamwa kila Jumapili. Sikujibu. Nilidhani aibu ingekufikia yenyewe huko uliko. Badala yake, wiki mbili zilizopita, umeniletea ujumbe: unarudi kuigiza msimu huu wa joto kwenye ukumbi uleule, kuna nafasi ya msichana mdogo, na unamtaka Neema. Umeandika kwamba itamsaidia kumwomboleza nyanya yake. Hapo nilicheka mpaka mtoto akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo ngoja nikukumbushe, maana kusahau ndiyo kazi unayoiweza.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Ghala la Smithfield limekupunguzia zamu, mimi nashinda kazini kwenye makao ya wazee na barakoa mpaka masikio yanauma. Ukaona tangazo: kikundi cha waigizaji, wengi wao wastaafu, kinafungua tena ukumbi wa zamani kule mashambani, ng'ambo ya mto ukishapita Penrith. Michezo kila Jumamosi, majira yote ya joto. Nilifurahi nawe, na sitasema uongo leo eti kwa sababu nimekasirika. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi nasonga ugali, wewe umeshika ufagio kama jembe, Neema anasoma maneno ya mkulima kwa sauti nzito hadi tunashindwa kusimama kwa kicheko. Siku ya kwanza ulipoingia jukwaani na kile kikoti kilichokubana kwapani, nilikupenda upya.

Na ukumbi ulikuwa mzuri, lazima niseme. Kuta za mbao, paa la bati linalolia kwa joto, pazia lenye kondoo waliochorwa na mtu aliyekufa zamani. Viti vilifungwa utepe, kimoja wazi kimoja hapana, na mlangoni lazima uskani kwa simu ile alama ya korona kabla hata hujasalimiwa. Joan, yule bibi aliyekuwa akiongoza mchezo, akanipa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kitabu, nimnong'oneze maneno yeyote atakayesahau. Wazee wale wa miaka sabini hawakusahau kitu. Aliyesahau kila wiki ni wewe. Ulikuwa unageuza kichwa kidogo upande wangu, nakurushia neno, unalidaka, na watu wanafikiri umenyamaza kwa hisia.

Halafu Januari, katikati ya joto la huku, Mama akafariki.

Unajua ilivyokuwa. Kutoka nchini ni kwa kibali, na ukitoka hujui utarudi lini. Mama akazikwa Kakamega, mimi nikiwa sebuleni hapa Penrith nikitazama simu. Ibada ilianza saa nne asubuhi kule, saa kumi na mbili jioni kwetu, siku ya Jumamosi. Saa tisa mchana wewe ulikuwa umeshavaa viatu.

"Mama Neema, nisikize," ukasema. "Viti vimeisha vyote. I can't just not show up."

"Ni mamangu," nikakwambia.

"Najua. Lakini mimi ni mkwe. Mkwe hatazami jeneza la mama mkwe wake, hiyo ni desturi yenu wenyewe."

Desturi! Mwanamume aliyekuwa akimpigia mama mkwe simu ya video amevaa singlendi, mguu juu ya meza, akimtania kwamba binti yake hajui kupika kuku. Miaka kumi na miwili hukuwahi kukumbuka mkwe ni nani, wala wapi anapaswa kukaa, wala macho yake ayaelekeze wapi. Mama alikuwa akijifunika uso kwa leso kwa haya, anacheka, anasema huyu mkwe wangu amelelewa na nani. Ukaja kuikumbuka desturi siku ambayo ilikupa ruhusa ya kuondoka. Ningekuheshimu zaidi kama ungesema tu kwamba makofi yalikuwa matamu kuliko mimi.

Uliondoka. Neema, wa miaka kumi na mmoja, alinishikia simu kwa mikono miwili tangu wimbo wa kwanza mpaka udongo wa mwisho.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa onyesho la mwisho, nami nikarudi nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeahidi, na nyumba ilikuwa inanielemea. Joan alinipokea mlangoni, macho yamemlowa juu ya barakoa. Akaniambia kwamba wiki iliyopita mume wangu aliwaliza watu wote, kwamba sasa yeye anaelewa sisi Waafrika tunavyoomboleza. Sikumwelewa. Nilikaa, nikafungua kitabu.

Nilikijua kile kipande. Kibarua wa shambani, ndiye wewe, anapokea barua kwamba mama yake amefariki. Anaketi, anainamisha kichwa, basi. Lakini wewe ulijitupa chini. Ulijiviringisha kwenye mbao zile, ukashika kichwa, ukalia kilio cha kwetu hasa, kile nilichokilia mimi jikoni simu ilipoingia, hadi ile pumzi ya kukatika katikati. Ulikuwa umesimama kando ukinitazama siku ile. Nami nilidhani umekosa la kusema! Kumbe ulikuwa unajifunza.

Bado ningevumilia. Kisha ukainua mikono ukasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke mzee, "Kateni nyinyi. Mimi siwezi kuwakatia."

Maneno ya Mama. Maneno aliyomalizia kila simu, maana hakuweza kutukatia hata siku moja, tulimwacha akiwa bado anapumua upande wa pili. Uliyasema katika mchezo wa enzi za farasi, ambamo hakuna mtu aliyewahi kuona simu. Hakuna hata mmoja ukumbini aliyeelewa, na wakapiga makofi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa, na ulijua alikuwa ameketi wapi.

Ndipo ukasahau. Ulikuwa umelewa kilio chako. Ukageuza kichwa upande wangu. Mstari ulikuwa mbele yangu, chini ya kidole, maneno sita tu. Nikafunga kitabu.

Ulisimama pale mdomo wazi. Mtu akakohoa, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama yeye kwa hofu, maana ndivyo miaka ile ilivyokuwa. Wakaruka kipande wakaendelea. Ndani ya gari ulisema neno moja kuanzia mtoni mpaka nyumbani: umeniaibisha, umeniaibisha. Kuhusu Mama, hata nusu ya neno.

Basi hiyo ndiyo roho yangu ngumu, watu wa kanisa waipime. Mimi sijutii. Mtu anayeiba kilio cha mkewe akakiuze kwa makofi, kisha akamgeukia tena mkewe huyohuyo amsaidie kukimalizia, ni mtu mdogo, na nakudharau. Nilikupenda sana, na ndiyo maana dharau yenyewe inaniuma.

Sasa mipaka imefunguliwa. Mimi na Neema tunakwenda Kakamega, tutakuwa huko msimu wako wote. Lakini sikutaka useme nimemficha mtoto. Nilimpa ujumbe wako ausome mwenyewe, nikamwambia akitaka kubaki aigize nawe, nitamtafutia mahali pa kukaa. Nilisema hivyo nikiomba Mungu akatae. Unajua anavyopenda jukwaa, amerithi kwako, na kwa dakika nzima nilimwona usoni akilitaka.

Akaniuliza swali kwa Kiingereza, kama wanavyoongea watoto wetu wote huku. Nakuwekea kwa Kiswahili ili likufikie vizuri.

"Tukiwa jukwaani, Baba atakuwa ananiangalia mimi, au watu?"

Kisha akaenda kupanga nguo zake kwenye sanduku la Kakamega.

Hilo si swali la kujibiwa na mimi, na usiniandikie mimi. Namba ya mtoto unayo. Tunaondoka Jumanne.

Kaa salama huko uliko,

Mama Neema