Mshono wa Mgongoni

Berea, Johannesburg, 2018

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku tu wazima, ila magoti yangu yamegombana na baridi. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza mbona mwalimu wako wa ushonaji anakulazimisha kufumua na kushona upya nguo ya kuvaliwa siku moja tu.

Mwaka jana wasanii wa Thailand walileta ngoma zao za asili huku Johannesburg, mtaa wa Randburg. Fundi wao akaugua, nikaitwa mimi. Mavazi yale ya nyuzi za dhahabu hayana vifungo. Mchezaji hushonewa akiwa ameyavaa. Nikamshona binti mmoja mgongoni, kisha nikapewa kiti mbele pamoja na Mama Furaha, msusi Mkongo aliyenisindikiza.

Jukwaa lilijaa mataji, vinyago na miavuli ya hariri. Mimi niliona mgongo tu. Mshono ukiachia, mtoto wa watu anaaibika mbele ya ukumbi mzima! Kila alipoinama, nilibana pumzi. Aliporuka, nikamkamata Mama Furaha mkono.

"Eish, mama, unaniumiza!"

Mshono ukashika mpaka mwisho. Nikakimbilia nyuma ya jukwaa. Binti akanipa mkasi, akanigeuzia mgongo, akicheka.

Nikaukata mwenyewe, uzi baada ya uzi, ule mshono niliouombea alasiri nzima usikatike.

Bibi yako Mwanaidi, fundi