Karatasi ya Mahudhurio

Tabora, 3 Machi 2024

Mwanangu Majidi,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ni goti langu tu linaloleta ukaidi. Wewe unakula, au bado unashindia chai?

Jana tulikwenda kwenye mkutano wa hilo ghorofa ambalo kampuni yenu inataka kulisimamisha ubavuni mwa nyumba ya babu yako. Shaban wa vitenge anashangilia, anasema mji utachangamka. Jirani yetu Hafsa anasema wakichimba msingi, kuta zetu za udongo, zilizopitiwa na misafara ya pembe za ndovu enzi za kale, zitalala chini. Nilipoinuka niseme, wakasema muda umekwisha, tutaitwa tena. Tukasaini mahudhurio, tukanywa soda, tukaondoka.

Wewe uko humo ndani. Nyumba itapona?

Shangazi yako,
Kuluthumu

Dar es Salaam, 19 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, na ninakula. Usihangaike, wataalamu wamepima. Mkutano mwingine hautakuwepo, maana wananchi wameshatoa maoni. Wakianza kujenga, njoo ukae kwangu.

Mwanao,
Majidi

Tabora, 2 Aprili 2024

Majidi,

Marahaba. Afya ninayo, na hasira pia.

Nimekwenda manispaa kuisoma ripoti yenu ya mradi. Karatasi yetu ya mahudhurio imebandikwa humo, juu yake pameandikwa "Wananchi Walioridhia Mradi". Jina langu ni la nne. Dole gumba la mama yake Hafsa, asiyeona, nalo limo. Unajua hapa kwetu mtu akiitwa kikaoni hakatai kusaini. Ni heshima kwa aliyemwita. Heshima yetu ndiyo mmeigeuza idhini!

Nimenunua daftari. Napita nyumba kwa nyumba, kila mtu aseme anachotaka mwenyewe. Shaban ameandika "Lijengwe haraka", na nimelibeba neno lake kama lilivyo.

Nani aliandika kichwa kile?

Shangazi yako,
Kuluthumu

Tabora, 27 Mei 2024

Majidi,

Natumai u mzima, maana hujanijibu.

Nimemaliza nyumba sitini na nne. Wengi wanalitaka ghorofa. Imeniuma, lakini sikufuta hata neno. Ila hata Shaban ameongeza kwamba msingi usogezwe mbali na nyumba yetu. Nimelipeleka daftari manispaa, wamekubali kutusikiliza kikaoni tarehe 24 Juni. Wakilikataa, nitanunua jingine.

Shangazi yako,
Kuluthumu

Dar es Salaam, 8 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Kichwa kile nilikiandika mimi. Bosi aliniagiza, nami nikaliona jina lako, nikaandika hivyo hivyo. Nilidhani utanuna siku mbili, yaishe. Nimeona aibu kukujibu. Juzi nilimwambia bosi kwamba nakuja kuyasema haya kikaoni. Akasema nikija, nisirudi kazini. Nakuja. Nisamehe.

Mwanao,
Majidi

Tabora, 13 Juni 2024

Majidi,

Marahaba. Pole kwa moyo, na mimi wangu umeuvunja. Nimelia, nikakutukana peke yangu, nikalia tena. Mtoto niliyemlea kwa mikono hii!

Msamaha wangu usiufanyie haraka, mimi ni mmoja tu. Fika siku tatu kabla ya kikao. Tutapita nyumba zote sitini na nne, na kwenye kila mlango utasema kwa kinywa chako ulichokifanya. Tutaanza kwa mama yake Hafsa. Mimi nitabisha hodi, wewe utaongea.

Kitanda chako nimekitandika.

Shangazi yako,
Kuluthumu