Mahari ya Kadi

Jumatatu, 4 Agosti

Kliniki, kama kila baada ya miezi mitatu, kupimwa damu. Nilifika saa mbili kamili, wa nne katika foleni. Karani akaingiza kadi yangu ya bima katika mashine, akaitoa, akaiingiza tena. Kisha, kwa sauti ya kusikiwa na ukumbi mzima: "Nyabo, mama yangu, kadi hii imekufa. Mwajiri wako amekukata."

Nilijua itakufa. Sikujua siku. Shule iliniachisha kazi mwezi wa tano. Kiswahili, walisema, mwalimu wa michezo anaweza kukifundisha. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na habari ya mwisho wake nimepewa na mtu anayetafuna karanga.

Tezi yangu ya shingoni ilitolewa miaka tisa iliyopita. Kazi yake hufanywa na tembe moja kila siku, mpaka kufa. Zimebaki thelathini. Sikupimwa.

Jumatano, 6 Agosti

Kampuni mbili za bima. Ya kwanza haimpokei mtu wa miaka hamsini na tisa. Ya pili inampokea, ila haihudumii ugonjwa aliokuja nao. Nikauliza: basi inahudumia upi? Binti wa mezani akatabasamu. "Ule utakaoupata, mama." Amefunzwa kutabasamu.

Kuanzia leo, tembe siku moja, siku ya pili simezi.

Jumapili, 10 Agosti

Kaka yangu Ramadhani alikuja. Duka lake la vitambaa pale Old Kampala halimtoshi mwenyewe, kwa hiyo hakuleta msaada. Aliniletea mchumba. Hajj Swaibu, anayeuza vyombo vya plastiki kwa jumla katika soko la Kikuubo. Mgane wa miaka miwili. Nyumba Kibuli. Binti mmoja.

Nikamkumbusha kaka kwamba mimi ni mjane mwenye uso uliovimba na sauti ya chura. Akasema, "Dada, yeye hatafuti uso. Anatafuta mtu wa nyumbani. Na wewe, unatafuta nini? Chama chao cha wafanyabiashara kina bima, na mke anaingia."

Nilimfukuza. Kabla hajafika langoni nilimwita arudi.

Alhamisi, 14 Agosti

Posa. Wazee wanne sebuleni, nami nyuma ya pazia. Walipouliza mahari nilijibu mwenyewe: niandikishwe katika bima, na barua ya kukubaliwa iletwe kabla ya ndoa. Wakacheka. Mmoja akasema, "Wenzake hutaka vitenge, huyu anataka daktari!" Sheikh akasema kitu chochote halali chenye thamani kinafaa.

Hajj hakucheka. "Nimekubali. Marehemu alitaka cherehani, na hakushona hata kifungo."

Nilimpenda kidogo kwa maneno hayo. Nimeliandika hili mara moja; halirudiwi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kwa Hajj, Kibuli, pamoja na kaka. Nilimwona binti, Rehema. Miaka kumi na saba. Macho ya manjano, mikono myembamba kama ya mtoto wa darasa la nne. Ana selimundu. Maumivu ya mifupa yanapomshika hulazwa wiki nzima. Alinisalimu vizuri. Aliniuliza kama ni kweli niliwahi kumchapa diwani wa mtaa wao alipokuwa mwanafunzi. Ni kweli.

Hajj akanipa fomu ya bima, ya familia nzima, niijaze kwa sababu ya mwandiko wangu. Kaka alipotoka kupokea simu, Hajj akainama. "Mwalimu, pale pa Rehema, palipoulizwa maradhi, usiandike kitu. Pita tu. Hupita kila mwaka. Daktari wetu huandika malaria."

Nikasema nitaijaza nyumbani, nitulie.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeijaza. Kwangu: tezi, upasuaji, tembe. Kwa Rehema: selimundu, tangu kuzaliwa. Nikatia saini mahali pa mjazaji, nikaipeleka mwenyewe kwa wakala katika bahasha iliyofungwa.

Nimejiambia kwamba sijawahi kutia saini kwenye uongo na sitaanza leo. Sentensi nzuri. Lakini nyuma ya fomu paliandikwa hivi: jambo moja la uongo likigunduliwa, familia nzima inafutwa. Niliyasoma hayo mara tatu kabla ya kushika kalamu. Sikuwa ninaulinda ukweli. Nilikuwa ninailinda kadi yangu.

Jumanne, 26 Agosti

Baridi. Watu wanajipepea, mimi nimevaa sweta. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nilisimama jikoni nisikumbuke nilichofuata. Tembe kumi na nane.

Ijumaa, 29 Agosti

Barua imetoka. Mimi nimekubaliwa. Tembe na vipimo vyote vitalipwa. Tezi, wanasema, ni gharama ndogo. Rehema ameondolewa, kuanzia mwezi ujao.

Hajj aliileta mwenyewe. Hakukaa. "Mwalimu, nilikwambia upite."

"Nilitia saini, Hajj."

"Ulitia. Haya." Akatazama viatu vyake. "Umewahi kumsikia mtu akilia kwa mfupa? Mfupa, si jino. Utamsikia. Chumba chake kimepakana na chako."

Nilidhani anaivunja posa. Nikasema ana haki. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea jibu jepesi. "Ndoa iko palepale. Watu wamealikwa. Kikuubo nzima wanicheke, kwamba Swaibu ameshindwa mahari ya kadi?"

Ningeweza kukataa. Alisimama akingoja jibu, muda wa kutosha kwa neno moja. Sikulisema.

Jumanne, 2 Septemba

Nilikwenda kwa wakala wa bima kumwomba anitoe mimi, amrudishe mtoto. Njia nzima niliipanga hotuba, na ilikuwa nzuri. Wakala ni mama mnene, mchangamfu, ananiita "bibi harusi". Akaniuliza anisaidie nini.

Nilimuuliza kadi yangu itaanza kufanya kazi lini.

"Ijumaa ya ndoa, bibi harusi! Siku hiyohiyo!"

Nikamshukuru. Nikateremka ngazi. Kwenye lami ndipo nilipokumbuka nilichojia. Sikurudi. Ningetamani kuisingizia tezi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeolewa. Sheikh aliitaja mahari mbele ya mashahidi, na safari hii hakuna aliyecheka. Hajj alinipa kadi ndani ya bahasha, kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Rehema alinipaka hina vidoleni. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilimuuliza kama ana homa, akasema ni furaha.

Jumatatu, 15 Septemba

Kliniki. Karani yuleyule. Kadi ikapita mara ya kwanza. Wakanitoa damu, wakanipa tembe za siku tisini. Sikulipa hata senti. Nilirudi kwa miguu, nikipandisha kilima polepole, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nilisikia njaa.

Hajj hupeleka akiba ya duka hospitalini sasa, kwa ajili ya Rehema. Msaidizi mmoja wa duka ameachishwa. Chakulani Hajj huzungumza nami kwa adabu, kuhusu bei ya ndoo.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua tangu jana, na baridi. Rehema ameshikwa. Hajj alinieleza kweli. Kilio cha mfupa si cha jino. Walimpeleka, wakamchoma dawa ya maumivu ya usiku mmoja, wakamrudisha. Kulazwa kungehitaji malipo ya mbele ambayo hayapo mpaka mwisho wa mwezi.

Sina la kuandika hapa ambalo lingenisaidia. Nimejaribu matatu na nimeyafuta.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua imekatika. Hajj amekwenda kumwona mtu anayetaka kununua gari lake.

Tangu alfajiri nimekaa na Rehema. Kitambaa cha maji ya moto magotini, kikipoa nakibadilisha. Mikono yangu ina nguvu tena. Nakamua mpaka tone la mwisho. Vidole havifi ganzi. Nasikia redio ya jirani, neno kwa neno.

Saa tatu maumivu yalipungua kidogo. Akafumbua macho, akaitazama saa ya ukutani, akaniuliza kwa sauti ndogo, bila ubaya wowote, "Mama, umeshakunywa dawa yako?"

Nikamwambia nimekunywa.

"Vizuri," akasema, akalala.