Mama Anayelia Mwanzoni

Jumanne, 4 Machi

Kutwa studio. Wimbo wangu wa kupinga vita hauna chumvi! Maneno yapo, ngoma ipo, lakini ukiusikiliza unapiga miayo. Dada kaja baada ya kazi kuimba kiitikio. Mwanawe yuko vitani miezi minne sasa, basi anaimba kwa moyo wote – na sauti inakwenda kombo. Nimemwambia asogee mbali na maikrofoni. Kanuna. Alhamisi tutarudia, sisi wawili tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu amekufa.

Dada kapigiwa simu humu humu studio, tukiwa tunapumzika. Akapiga ukelele, akaanguka. Nilipomzindua hakukumbuka hata kupokea simu. Ikabidi nimwambie mimi, upya. Safari hii hakutoa sauti.

Mashine ya kurekodi huwa siizimi watu wakipumzika, ndivyo nilivyofunzwa kazi. Imenasa yote.

Sijafuta.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekiweka kilio cha dada mwanzoni mwa wimbo. Sekunde kumi na moja. Mungu anisamehe, wimbo umesimama! Mtangazaji wa redio kaupiga mara tatu mfululizo, akauliza yule mama nimemtoa wapi. Nikasema ni mwigizaji. Uongo ukatoka bila hata kukohoa.

Jumatatu, 14 Aprili

Uko kila mahali. Kwa kinyozi, duka la simu, harusini – harusini, jamani! Watoto wa shule wanashindana nani atalia kama yule mama. Leo malori ya jeshi yamepita barabara kuu, askari wapya wanauimba. Wakifika kwenye kilio wanakivuta wote pamoja, halafu wanaangua kicheko. Na vita haijapungua hata risasi moja. Mwenye studio anasema nijivune, wimbo umewafikia hata wao.

Nilijivuna. Aibu gani hii.

Jumatano, 7 Mei

Dada kaja nyumbani. Amekonda, shingo imebaki mifupa. Kaulizia yule mwigizaji, eti ana watoto? Nikasema sijui.

"Mwambie anaigiza vibaya, mdogo wangu. Aliyefiwa halii vile."

Nikacheka! Mbele yake! Mdomo ulinitangulia.

Halafu kaniambia yeye hajatoa chozi hata moja tangu siku ile. Watu wanamsema. Mama mkwe wake kamtolea uvivu mbele ya wageni, kwamba hata mama wa kwenye wimbo ana uchungu kumshinda.

Hapo ndipo ningesema. Nikamwongezea chai.

Jumapili, 11 Mei

Dada yuko hapa studio. Jumamosi yatasomwa majina ya waliokufa, uwanjani, na mama mkwe atakuwepo. Hataki kusimama na macho makavu tena. Anataka kusikia kilio chenyewe bila ngoma, ajifunze.

"Nionyeshe anavyofanya. Mimi nimeshindwa."

Nimemwambia kimefutika. Mwenye studio, asiyejua lolote, kadakia kwamba hakijafutika, kipo. Kakifungua mwenyewe, kamvalisha dada hedifoni, kaenda zake.

Pale hakijakatwa. Simu inaita kwanza. Kisha sauti yake, haloo, ndiyo, ni mimi mama yake.

Kanipa mgongo. Naandika kwa sababu mikono haina pa kwenda. Kilio kimeshapita, nimehesabu. Hajageuka. Amerudisha nyuma, anasikiliza tena kuanzia kwenye simu.

Sasa ananyoosha mkono, bado kanipa mgongo. Anataka niongeze sauti.