Mwizi wa Ng'ombe Ukutani

Jumapili, Novemba 2011

Eti ukoo! Leo huko Richmond Hill baba mkwe wa binti yangu Neema katueleza asili ya jina lao la Kiskoti, Dunkerrick, tangu supu hadi chai. Limetoka kwenye kilima cha mawe tu. Ukoo umetoa askofu, nahodha, na mwizi wa ng'ombe aliyenyongwa. Na picha ya huyo mwizi ndiyo iko ukutani! Kwetu angetajwa kwa kunong'ona.

Jikoni nikamwuliza Neema, "Huyo wa tumboni si ataitwa Mashaka, kama marehemu baba yako?"

"Mama, usianze. Wakwe wameshachagua jina la yule wa ukutani."

Nimerudi kwangu Scarborough kwa basi. Naogopa Mashaka wangu atasahaulika. Mwanamume yule hakuiba hata kuku.