Baba Alivyojiandaa Kwenda Angani

Matema, Kyela
14 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa Ezra,

Ugonile, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe, wifi Dorothea na watoto, na kwamba kifua cha mdogo kimepona. Mimi mwili ni mzima, shule tumefungua, na mpunga uliobaki nimeuanika. Majirani wote wanakusalimu.

Utashangaa kupata bahasha siku hizi. Nimekupigia simu mara nne, na kila ulipopokea niliishia kuulizia watoto. Nimeona niandike, ili wewe usinikatize na mimi nisigeuze maneno.

Siku ulipoondoka baada ya matanga, uliniuliza pale stendi ya Kyela baba alikuwa akitafuta nini ndani ya tangi la maji, katikati ya ziwa, mtu wa miaka sitini na sita. Nikakujibu kwamba sijui vizuri, labda Sylvester anajua. Najua vizuri, kaka.

Tulipomzika mama mwezi wa kumi na moja, wewe ulikaa na baba siku nne. Mimi nilibaki naye. Aliacha kunyoa, akaacha kuoga. Kokoa ilioza mtini. Nikirudi kutoka kufundisha nilikuta chai ya asubuhi kwenye kikombe kilekile, imeota utando. Jioni moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchele, kwamba hatafika Pasaka.

Mwezi wa pili redio ikatangaza kuwa kuna kampuni ya ng'ambo inatafuta watu wa kawaida waliozidi miaka sitini, wa nchi yoyote, iwapeleke angani kwa siku tatu. Baba akageuza kichwa. Akaniomba nimjazie fomu kwenye simu. Kwenye ujuzi alisema niandike kwamba ametengeneza injini za boti miaka thelathini. Wiki tatu baadaye jibu likaja kwa Kiingereza. Nikamsomea kuwa amechaguliwa kwenye kundi la kwanza na kwamba ajiandae. Akaomba maji ya moto ya kuoga.

Kaka, ungemwona! Alimfuata Sylvester, yule rafiki yake fundi baiskeli, akamteua kuwa mkufunzi. Walikuta kiti cha kuzunguka kilichotupwa nyuma ya ofisi ya kata, wakakikokota hadi uani. Sylvester alimzungusha raundi arobaini, kisha baba alitakiwa asome ubeti mmoja wa tenzi bila kukosea. Siku ya kwanza alitapika juu ya kokoa ya jirani iliyokuwa mkekani. Siku ya tisa alisoma beti zote, akaimba na kiitikio. Alianika ugali juu ya bati, akautwanga, akaufunga kwenye vifuko vya nailoni na kuufyonza kwa mrija, akisema huko juu hakuna sahani. Kila Jumanne alikwenda kwenye mzani wa chama cha msingi, akapanga foleni na wenye magunia ya kokoa ili apimwe. Alitaka kilo sabini kamili. Karani alizoea, akawa anamwandikia daraja la kwanza. Kanisani alimuuliza mchungaji, kwa dhati kabisa, kama huko juu mtu anaruhusiwa kusali akiwa kichwa chini.

Watu walicheka, lakini walicheka pamoja naye. Alinenepa uso. Alipalilia kokoa. Pasaka ikapita, akala nyama kuliko sisi wote.

Kisha akaona kwenye simu yangu kwamba chombo kikirudi hutua majini, na waliomo husubiri kuvutwa. Akasema hilo nalo lazima alifanyie mazoezi. Walichukua tangi la plastiki la lita elfu moja, wakaweka mifuko ya mchanga chini ili lisimame, wakakaza kifuniko kwa mpira wa tyubu na kutoboa tundu la bomba la hewa. Nilimwambia baba kwamba jambo hilo silipendi. Akanijibu, "Mwanangu, wenzangu wa Ulaya wana mabwawa. Mimi nina ziwa zima."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai, asubuhi, maji yametulia. Hili sikukwambia, kaka: nilikuwepo. Nilisimama ufukweni na simu mkononi, nihesabu dakika thelathini. Kabla ya kufungiwa alituambia, "Nikigonga mara tatu, mnivute." Sylvester akalivuta tangi kwa mtumbwi hadi kwenye kina.

Mwera, ule upepo wa kusini, ulianza kuvuma dakika ya kumi na nane. Wimbi la pili lilipindua mtumbwi, la tatu likalaza tangi, na bomba likaingia majini. Aligonga mara tatu. Nilisikia hadi ufukweni. Kisha akagonga bila kuhesabu. Sylvester alipiga mbizi, akaibuka, akapiga mbizi tena, anang'oa ule mpira kwa kucha na meno. Wavuvi walipofika, kugonga kulikuwa kumekwisha.

Yaliyofuata uliyaona. Ulisimama kaburini ukasema mbele ya ukoo kwamba Sylvester amemuua baba yetu kwa kumjaza wazimu. Tangu siku ile hakuna anayempelekea baiskeli. Migomba yake imefyekwa. Mkewe amerudi kwao Ndandalo. Kanisani anakaa benchi la mwisho, peke yake, na vidole vyake viwili havijaota kucha.

Sasa nisikilize, kaka. Lile jibu la kampuni halikusema nilichomsomea baba. Lilisema wanamshukuru kwa maombi yake na wanasikitika hawakumchagua. Mistari mitatu tu. Aliposimama mlangoni akisubiri nisome, suruali inamporomoka, niliona nikisoma ukweli atarudi kitandani na hatainuka tena. Nikatunga. Baadaye akawa ananiuliza tarehe ya safari, nikatunga na tarehe. Sylvester hakumjaza baba chochote. Aliamini kama baba alivyoamini, kwa sababu yangu.

Juzi nilikwenda kwake nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Alikaa akiifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na mafuta. Nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani niseme. Akasema, "Usiseme, binti. Wakijua hakuchaguliwa, watamcheka rafiki yangu Angetile."

Nikamjibu kwamba wao ni wengi, lakini wewe kaka ni mmoja, na wewe lazima ujue. Kanisani leo sikusimama, na sijui kama nimemtii yeye au nimejiogopea mwenyewe.

Nihukumu utakavyo, nitapokea. Ila nakuomba umpigie Sylvester. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usimuulize kitu. Mwite baba, kama tulivyomwita tukiwa wadogo, umwulizie hali, kisha ungoje hadi aweze kujibu.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akutunze huko uliko. Ndaga fijo kwa kunisoma hadi hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Atupele