Mkono Katikati ya Gunia

Morogoro, 1 Desemba 2025

Dada yangu, shikamoo. Obedi hajambo? Mimi mzima, ila usingizi sina. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi barua hii.

Dada, nimeharibu. Mwaka huu tunachagua kozi moja ya hesabu. Wenzangu tunaosoma uvuvi wamechukua Takwimu. Mimi nikachukua Kalkulasi ya mainjinia, kwa sababu Baba alishatangaza jumuiyani kwamba nasoma hesabu za waliojenga daraja letu la Kigongo. Jaribio la kwanza nimepata sita kwa arobaini. Nikifeli mtihani nadisko, narudi nyumbani na begi langu. Mwisho wa kubadilisha ni Ijumaa, tarehe 12. Baba nitamwambia nini?

Mdogo wako,
Odeta

Kigongo, 8 Desemba 2025

Mdogo wangu, marahaba. Nisamehe kuchelewa. Obedi alitumbukiza simu kwenye ndoo, kisha malaria ikamshika. Siku nne nimembeba mgongoni huku naanika dagaa. Leo anacheka kama si yeye. Ningeazima simu ya Mama Winnie, lakini jioni mwalo mzima wa wavuvi ungejua habari zako.

Mimi nimeishia kidato cha pili; hiyo Kalkulasi hata ikipita hapa siijui. Nikamuuliza Bwana Samaki wa wilaya alipokuja kupima sangara: "Kazini kwako unatumia hesabu gani?"

Akasema, "Mama Obedi, siwezi kupima samaki wa ziwa zima. Napima mia, nasema habari za wote. Hiyo ndiyo Takwimu. Chuoni niliikimbia, najuta mpaka leo."

Odeta, hiyo si kazi yetu? Mnunuzi hamwagi gunia lote. Anazamisha mkono katikati, tena chini, maana juu wajanja hupanga dagaa wazuri. Viganja vitatu, ameshalijua gunia. Wewe ulianza kuwakamata wajanja ukiwa darasa la tano.

Badilisha. Usinijibu kwanza, nenda. Usisome hesabu ya kumfurahisha mtu, daraja limeshajengwa. Baba niachie mimi.

Dada yako,
Mama Obedi

Kigongo, 14 Desemba 2025

Mdogo wangu, u mzima kweli? Ijumaa imepita, kimya. Kondakta anaapa mzigo wa dagaa niliotia barua aliushusha Alhamisi. Sijui kama ulipewa barua au dagaa tu.

Baba nimemwambia. Alitoka akaenda kwa ng'ombe mpaka ugali ukapoa. Aliporudi akauliza, "Hiyo Takwimu inafundishwa chuo hichohicho?" Nikasema ndiyo. "Basi na yenyewe ni ya chuo kikuu." Akanawa mikono, akala.

Kama ulichelewa, usijifungie ukalia peke yako. Njoo. Kitanda chako kipo, Obedi amechukua upande mmoja tu.

Dada yako,
Mama Obedi

Morogoro, 15 Desemba 2025

Dada, shikamoo. Mwambie Obedi simu si samaki.

Barua niliipata Ijumaa mchana, inanuka dagaa. Nilimkuta mkuu wa idara anafunga mlango. Akasema amechoka na watu wanaokimbia hesabu ngumu. "Nipe sababu moja."

Nikamweleza gunia, mkono, na wale dagaa wazuri wa juu. Akafungua tena mlango, akatia saini fomu yangu ya kubadilisha akiwa amesimama.

"Aliyekufundisha hayo yuko chuo gani?"

Nikamwambia yuko Kigongo, na saa hizi anaanua dagaa kabla mvua haijamkuta.

Mdogo wako,
Odeta